Kayaki Juu, Kiti Kitupu

Jumatatu, 4 Machi

Umepotea wewe! Miezi saba! Hata mwezi wa mbinguni hupotea siku mbili tatu ukarudi. Usiniletee habari za kazi. Kazi gani isiyo na Jumapili? Kaa chini usome, na usiruke kurasa, maana nimeziandika kwa mkono unaouma.

Daftari ni lako. Uliliacha juu ya kabati, nusu lina hesabu zako, nusu nimejichukulia. Najua herufi zangu zimelala kama walevi. Mimi mlango wa darasa sikuuona. Kusoma nilifundishwa na babu yako, kwenye mifuko ya saruji tuliyokuwa tukiipakia. Neno la kwanza nililosoma maishani: KILO HAMSINI. La pili: HIFADHI PAKAVU. Nimeishi kwa hayo mawili miaka arobaini na sijapungukiwa.

Sasa, jana ulipiga simu. Nilifurahi mpaka nikaiweka kwenye sikio bovu. Ukasema Jumamosi wewe na wenzako wa kazini mnakuja ziwani kwa basi, kufika saa tatu asubuhi, kuondoka saa tisa. Ziwani! Kilomita kumi na nne kutoka kitandani kwangu! Nikangoja useme na nyumbani utapita. Nikangoja. Ukasema Ijumaa utamtuma mtu wa mizigo aje achukue kayaki yako, kile kimtumbwi chako chembamba, nyuma ya jiko.

Mtu wa mizigo. Basi ndiye mjukuu wangu wa sasa. Nimpe na chai yako, nimtandikie na kitanda chako?

Nikakwambia asije, nitaileta mwenyewe. Ukauliza nani atanipakilia. Nikasema nina watu. Watu gani, Bibi? Watu tele, nyumba imefurika, hata pa kutia mguu sina! Humu ndani tumo mimi, kuku mmoja na saa ya ukutani. Saa imesimama.

Mpango ni huu. Pikapu ya babu yako ina viti viwili. Kwenda: kayaki juu, mimi kwenye usukani, kiti cha pili kitupu. Kurudi: nitasema siwezi kuishusha nyumbani bila mtu wa kushika upande wa pili. Utapanda. Utalala hapa Jumamosi, Jumapili nitakurudisha stendi. Usiku mmoja tu, sitaki shamba la mtu. Wala sitakuomba. Mimi kuomba mgeni aje kwangu, tangu lini? Nitayapanga mambo mpaka njia nyingine usiione.

Mke mwenzangu, unanijua. Babu yako alinioa kwa mpango kama huu, akadhani ni yeye aliyeamua.

Alasiri nimekwenda kuitazama kayaki. Kuku anaatamia ndani yake, kwenye lile tundu la kukalia. Mayai tisa. Kanitazama kama mimi ndiye mpangaji.

Jumanne, 5 Machi

Kuku kahamishwa. Kwa beseni, kwa nyasi laini, kwa heshima zote. Kanidonoa mara tatu. Nimeshughulika na mawifi watano nikiwa mwali, sembuse kuku.

Kayaki yenyewe si nzito. Uliwahi kuniambia kilo ishirini na tano, yaani nusu mfuko. Nikacheka. Nusu mfuko! Nikaiinamia, nikaikumbatia katikati, nikainua.

Mke mwenzangu, uzito si kitu. Urefu ndio fitina. Mfuko wa saruji ukiubeba unatulia kama mtoto aliyeshiba. Hii kitu ina kichwa kule na mkia kule, na havisikilizani. Nikageuka kulia kuelekea pikapu, mkia ukageuka kushoto ukaikata kamba ya nguo. Shuka zote chini. Nikageuka kutazama shuka, kichwa kikaingia dirishani kwa jiko kikatoka na pazia. Nikasimama katikati ya uwanja nazunguka kama jogoo wa bati juu ya paa, naogopa kutua.

Na nani alikuwa anatazama? Unamjua. Nahodha, jirani yetu. Wageni wote humwita Nahodha kwa heshima, wakidhani aliendesha kivuko. Alikata tiketi. Miaka thelathini alikata tiketi za kivuko, wala usukani hajaugusa, lakini hakuna kitu chenye maji, kamba au ubao asichokijua. Tangu mkewe afariki kila asubuhi hutoa kiti chake cha plastiki akakaa langoni kwake, na lango lake linatazama uwanja wangu kama dirisha la tiketi.

Akaniita shemeji, kama kawaida yake, kwa kuwa babu yako alikuwa rafiki yake. Akasema shemeji, kidole kimoja hakivunji chawa.

Nikamwambia basi ni heri, maana mimi chawa sina.

Akasema aje ashike upande mmoja, dakika moja tu, imekwisha. Nikamuuliza kwa masharti gani, maana huyu namjua. Akasema sharti ni dogo: mzigo uliofungwa na mtu, mtu huyo husafiri nao. Ndiyo desturi ya kivukoni. Asiyejua fundo asilifungue. Kwa hiyo Jumamosi naye ataingia garini, tufike ziwani, atazame maji kidogo, turudi.

Kwenye kiti cha pili! Kiti chako!

Nikamwambia abaki na mafundo yake. Akarudi kwenye kiti chake cha plastiki. Nikaiburuza kayaki mpaka nyuma ya pikapu, peke yangu, hatua kumi na tisa, nikipumzika kila baada ya tatu. Nikamwona anahesabu.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimevumbua. Andika hili mahali: kitu kirefu hakiinuliwi, hupandishwa. Unainua kichwa peke yake, unakiegemeza kwenye ukingo wa nyuma wa pikapu. Halafu unazunguka kwenye mkia, unauinua, unasukuma. Nusu ya uzito inabebwa na gari. Mtu hahitaji mtu! Nilifurahi nusura nipige kigelegele, nikakumbuka kigelegele cha mtu mmoja ni kelele.

Tatizo, ilikuwa haitelezi. Unasukuma, inakwama. Unasukuma, inakwama. Nikafikiri. Kitu gani huteleza? Sabuni. Nikachukua kipande cha sabuni ya kufulia, nikapaka ukingo wa pikapu, nikapaka paa la pikapu, nikapaka tumbo la kayaki kutoka kichwa hadi mkia. Nikamwagia na maji kidogo, kazi iwe kamili.

Nikainua mkia. Nikavuta pumzi. Nikasukuma kwa nguvu zangu zote.

Ilikwenda! Ikapita kwenye pikapu, ikapanda paa, ikashuka na kioo cha mbele, ikapita juu ya boneti, ikatoka upande wa pili ikaligonga lango langu likafunguka lenyewe. Ikasimama barabarani, pua imeelekea kwa Nahodha. Nilisahau kwamba kinachoteleza kwenda hakijui kusimama.

Nahodha alikuwa anakunywa chai. Hakuinywa tena. Ilimtoka puani. Alicheka mpaka akaivua kofia akaiweka magotini, akajifuta macho kwa kanzu, akaanza upya. Mwisho akasema kivuko kingekuwa na mwendo ule yeye angekata tiketi kwa mbio.

Sikucheka. Nilicheka baadaye jikoni, kidogo, nikiwa nimegeukia sufuria. Si vizuri kucheka peke yako muda mrefu, unaanza kujisikia.

Alasiri alikuja mpaka kwenye lango bovu, na nyundo yake, akaligongomea bawaba bila kuulizwa. Huku anagonga akasema maneno ambayo sikuyapenda. Akasema shemeji, hii yote ya nini? Mpigie mtoto umwambie nimekukumbuka, njoo ulale kwangu. Ni maneno machache, hayahitaji kamba.

Nikamwambia yeye ana watoto watatu, je, ameshawapigia?

Akapigilia msumari wa mwisho, akachukua nyundo yake akaondoka. Najua niliuma. Lakini nani alimwomba bawaba?

Alhamisi, 7 Machi

Kayaki ipo juu! Nilitandika blanketi kuukuu badala ya sabuni. Ikapanda kwa adabu. Kichwa juu ya paa la mbele, mkia umetokeza nyuma kama ulimi wa mbwa. Saa moja na nusu asubuhi. Nahodha alikuwa hajatoa hata kiti. Nikachungulia langoni kwake, nikakohoa. Hakuna. Ukifanya jambo zuri, na watu hulala!

Basi kamba. Nimefunga mizigo miaka arobaini mimi, lakini mizigo ya kulala ndani ya pikapu, si ya kupanda kichwani. Nikafikiri: kamba lazima ishike paa. Paa linashikwa na nini? Nikafunga milango yote miwili, nikashusha vioo, nikapitisha kamba dirisha la kulia, nikatokea dirisha la kushoto, juu ya kayaki, tena ndani, tena nje. Mizunguko sita. Nikakaza kwa mguu. Nikakomea kwa fundo la babu yako, lile lisilofunguka mpaka uliombe msamaha. Nikatikisa: kayaki haitikisiki, gari zima ndilo linatikisika. Fundi mimi!

Nikaenda kufungua mlango niingie niwashe.

Mke mwenzangu, usicheke bado.

Mlango umefungwa kwa kamba. Wa pili pia. Nimelifunga gari kama kifurushi, na mimi niko nje ya kifurushi.

Mtu mwenye akili angefungua fundo. Lakini lile fundo nililikaza dakika ishirini na nilikuwa nalionea fahari. Nikasema dirisha si liko wazi? Nikapanda kwenye ndoo, nikatanguliza kichwa, mikono, kifua. Mpaka hapo sawa. Kisha zikafika nyonga. Nyonga hizi zimezaa watoto sita, hazikuumbwa kwa ajili ya madirisha. Nikakwama. Ndoo ikaanguka. Nusu yangu ndani, nusu yangu nje, miguu inaelea, na kiwiko kimekaa juu ya honi. Honi ikalia.

Ikalia. Sasa ndiyo Nahodha akatoka.

Nitamwambia Mungu siku ya mwisho kwamba yule mzee ana adabu. Hakutazama. Niligeuza shingo nikamwona kapita lango, kageukia ukuta wangu, kaukabili ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa, akaanza kuuambia ukuta. Akauambia ukuta kwamba kamba ya juu ya gari hupitishwa milango ikiwa wazi, ndani ya gari, chini ya dari, kisha ndipo milango hufungwa juu yake. Akauambia kwamba kivukoni waliona gari tatu za namna hii. Akauuliza ukuta kama unahitaji msaada.

Nikapiga kelele kwamba ukuta hauhitaji.

Akauaga ukuta, akarudi kwake. Ila ile ndoo aliisogeza kwa mguu, kinyumenyume, mpaka ikafika chini ya unyayo wangu.

Nilitoka. Sitaandika namna nilivyotoka. Gauni la kijani usilitafute kabatini.

Nimefunga upya, milango wazi. Ni kweli inafanya kazi. Sikumwambia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeosha kiti cha pili. Kilikuwa na shimo, springi imechungulia, nimeishonea mto. Nimetandika kitanda chako, shuka zile za maua, mto mmoja mgumu mmoja laini kwa sababu sijui sasa unapenda upi. Watu hubadilika kwa miezi saba. Nimepika mchuzi wa kuku (si yule, wa dukani), sufuria kubwa. Nimefagia uwanja mara mbili, mara ya pili hapakuwa na kitu, nilifagia mistari ya ufagio.

Ulipiga simu saa kumi. Dakika nne. Ukauliza kama kweli nitaweza. Nikasema vijana wamekwisha pakia zamani. Ukasema mbona kimya hapo, Bibi, watu tele na hata mmoja hakohoi? Nikasema wamekwenda kula. Ukacheka, ukasema wasalimie.

Nikasema zimefika.

Baada ya simu nilikaa kwenye kiti cha jikoni, nikawa sina la kufanya. Jua bado lipo. Nikatoka nikazikagua kamba. Zimekaza. Nikazikagua tena.

Jumamosi, 9 Machi

Nikiwa bado na nguvu naandika yote.

Niliondoka saa moja kasoro, kwa kujihadhari. Kilomita kumi na nne, hata konokono angefika saa tatu. Nahodha alikuwa amesimama langoni kwake, amevaa viatu. Viatu vya kutokea, vimepigwa rangi. Nikajifanya nina shughuli na gea. Alipunga mkono. Nikapiga honi moja, ya heshima.

Kilomita ya pili kamba ikaanza kuimba. Upepo ukipita juu yake inanguruma, gari zima linanguruma, meno yangu yananguruma. Nikapunguza mwendo, ikanyamaza. Nikaongeza, ikaimba. Kwa hiyo nilikwenda mwendo wa kamba kunyamaza, yaani mwendo wa maiti. Nyuma yangu msururu wa magari kama harusi. Walinipigia honi, wakanitukana. Mmoja alipita akaniuliza kama nimehama nyumba au nimehama dunia. Nikamwambia aniwekee nafasi ahera, maana kwa mwendo wake atanitangulia kufika.

Kwenye mlima mrefu kayaki ikaanza kurudi nyuma. Taratibu, kama mgeni anayetaka kuaga lakini anaona haya. Nikasimama, nikashuka, nikaisukuma mbele, nikakaza. Hatua mia, ikarudi tena. Nikasimama. Mara tisa nilisimama kwenye mlima ule. Mara ya sita nilikaa ukingoni mwa barabara nikaiambia kayaki maneno ambayo wewe usiyaseme kazini kwako.

Juu ya mlima, trafiki. Kijana, kanyoosha mkono. Akauliza mzigo unaotokeza nyuma hivi, kitambaa chekundu kiko wapi. Nikamwambia geuka utazame pembeni. Nikaingia nyuma ya gari, nikavua gaguro langu jekundu, nikalifunga mkiani. Akalitazama. Akatazama viatu vyake. Akaniuliza kwa sauti ndogo, Bibi, upo na nani? Nikasema peke yangu. Akauliza hata mtu wa kukushikia kamba? Nikamwambia mwanangu, kama ningekuwa na mtu wa kushika kamba, ningekuwa na kamba ya kufanyia nini?

Hakunielewa. Hata mimi sikujielewa vizuri. Lakini aliikaza ile kamba kwa goti lake, akaniambia nenda salama.

Nilifika ziwani saa sita na robo.

Basi lenu nililiona. Viatu vyenu mlivipanga ufukweni. Nyinyi mko majini, mbali, katika kayaki za kukodi, vizibao vyote vya kuelea vya rangi ya chungwa. Nikasimama juu ya pikapu kukutafuta. Chungwa moja, chungwa la pili, la tano. Mjukuu niliyemwogesha mikononi mwangu, nikashindwa kumjua kati ya machungwa. Nikampungia kila mmoja, ili na wewe uwemo.

Nikasema niishushe angalau, uikute tayari. Kushusha ni rahisi, nikajiambia, inajishusha yenyewe. Nikafungua kamba, nikavuta mkia. Ilijishusha yenyewe. Yote kwa mara moja, juu yangu. Ukanikuta nimelala chali mchangani, kayaki kifuani, kama kobe aliyevaa nyumba ya mwenzake.

Ulipiga kelele, Bibi! Ukanikumbatia umelowa, ukanilowesha mpaka ndani. Sijali. Umekonda. Nywele umekata. Unanukia maji. Ukauliza umekuja na nani, vijana wako wapi? Nikasema wameshuka njiani, wana shughuli.

Uliipanda kayaki kidogo, pale karibu karibu, kwa kunifurahisha. Ukatia mguu tunduni, kitu kikapasuka. Yai. Kuku yule mshenzi alirudi ndani lini, sijui. Wenzako walicheka, wewe ukacheka kuliko wote, mguu umejaa ute, ukasema huyu ndiye bibi yangu niliyewaambia. Kwa hiyo unawaambia. Hilo nimeliweka.

Tukakaa ukingoni mwa pikapu, miguu inaning'inia. Ukanihadithia kazi. Nilikuwa nasikia nusu, nusu nilikuwa natazama jua. Saa nane na nusu nikaanza mpango. Nikasema, kwa sauti ya uchovu, tena sikuiigiza, kwamba sasa sijui hii kayaki nitaishushaje nyumbani peke yangu, mgongo huu, na vijana wamekwenda. Nikakiacha kiti cha pili na mto wake mpya kijionyeshe chenyewe.

Ukaniangalia kwa huruma. Macho yale ya babu yako. Ukasema masikini Bibi, nimekutesa. Nikajua nimeshinda.

Ukageuka ukawaita wenzako. Ukasema tuifunge juu ya basi letu, twende nayo mjini, Bibi asihangaike nayo tena.

Sita walikuja. Waliinua moja, mbili, tatu. Juu ya basi. Kazi yangu ya siku tano, wao hawakumaliza hata wimbo waliokuwa wakiuimba.

Nilisema ngojeni. Ukaniambia nini, Bibi? Watu wote wananitazama, dereva kawasha. Nikasema fungeni na mbele, isije ikarudi nyuma mlimani.

Ukanishika mikono yote miwili. Ukaniuliza, taratibu, Bibi, kuna jambo? Mlango ulikuwa wazi kabisa, mke mwenzangu. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nikasema jambo gani, nenda, utaachwa na basi.

Ukaenda.

Wakati wanafunga, kasia lako, nililokuja nalo pamoja na kayaki, lilikuwa bado kwenye pikapu. Nililisukuma chini ya kiti kwa kisigino. Utakuja kulifuata, nikasema. Nilirudi kwa dakika ishirini na tano. Pikapu nyepesi, inaruka kila shimo, kamba haiimbi. Kamba niliiweka kwenye kiti cha pili, maana mahali pengine ilikuwa inadondoka.

Mchuzi ni mwingi. Nimekula kwenye sufuria, nimesimama.

Jumapili, 10 Machi

Umepiga simu asubuhi. Umefika salama. Umeuliza kasia. Nikasema kasia gani? Ukasema usijisumbue, Bibi, ofisini yapo mengi.

Mengi!

Nahodha alikuja saa nne na kiti chake cha plastiki, akakiweka uwanjani kwangu, si langoni kwake, akauliza safari ilikuwaje. Nikasema nzuri mno. Akauliza mtoto yuko ndani? Nikasema kalala, kachoka. Akatikisa kichwa. Akasema, kwa kumwachia mtoto alale, angeweza kukaa hapa kidogo kimya kimya. Alikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili. Nikamwambia sina nafasi, nina kazi. Akakunja kiti chake. Kikombe kimoja alikisahau juu ya ukuta.

Nyumba imenyamaza kama kisima. Hakuna kiumbe hata mmoja wa kuongea naye hapa, ndiyo maana naandika.

Lakini nimekaa, nimefikiri, na nimeona kosa langu. Kosa ni kwamba kayaki ni kitu kimoja. Kimoja! Ukishakichukua kimekwisha, huna la kurudia. Mpango ulikuwa sahihi, mzigo ndio haukuwa sahihi.

Kwa hiyo nimekupa kitanda changu. Kile kikubwa cha mbao, alichokichonga babu yako kwa mikono yake, cha urithi, huwezi kukataa. Nimekwisha kuanza kukifungua. Nahodha kaniona dirishani nikivutana na ubao wa kichwani, akauliza ashike upande wa pili. Nikamwambia aache spana mlangoni aende zake. Kaacha.

Nimehesabu vipande kumi na saba, na skrubu mbali. Mimi nitalala na godoro chini, ni baridi nzuri kwa mgongo. Ukija, usije na basi, usije na wenzako wenye nguvu, na mtu wa mizigo nikimwona nammwagia maji. Njoo na mfuko tu. Chukua kipande kimoja, na kingine safari inayofuata. Anza na mguu wa kushoto wa kitanda, uko juu ya mto wako wa kulalia, nimekufungia tayari.